Chombo cha Maziwa Kikipasuka

Keni ya alumini ikipasuka, wengi hukimbilia kwa fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea. Hurudi na keni yenye tundu kubwa zaidi. Yafaa kujua sababu.

Alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 tu, lakini juu yake pana ngozi nyembamba mno isiyoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 2,000. Basi fundi huongeza moto ili aishinde ngozi, na ndani chombo kimekwisha kuwa maji!

Dawa yake ni njia ambayo mafundi huiita TIG. Katika njia ya kawaida, fito yenyewe huyeyuka na kuacha magamba ya kugongwa kwa nyundo. Katika TIG moto wa umeme hutoka kwenye ncha ya tangsteni, madini yanayostahimili nyuzi 3,400, nayo gesi ya argoni hupulizwa kuizunguka ili hewa isikaribie. Umeme unaogeuka huku na huku huivunja ile ngozi ya alumini. Fundi hutia waya wa kujazia kwa mkono wa pili, polepole, mfano wa mtu ashonaye. Njia hii aliianzisha Russell Meredith wa kiwanda cha ndege cha Northrop, Marekani, mwaka 1941, alipotafuta namna ya kuunga magnesi, madini yashikayo moto upesi.

Hata vyombo vya chuma kisichoshika kutu huungwa hivyo. Kiungo hutoka laini, bila vishimo vya kuficha mabaki ya maziwa. Maziwa yakichacha hukataliwa, na pengine hiyo ndiyo karo ya mtoto.

Lakini usiagize TIG kwa kila kitu. Ni ya polepole, tena argoni ni ghali. Geti, mkokoteni na plau vyatosha kwa fito. Kumlipa fundi zaidi kwa kazi hiyo ni kutupa fedha. TIG haitaki mafuta, rangi wala kutu, kwa hiyo osha keni yako vizuri kabla ya kuipeleka. Upepo nao huipeperusha gesi. Ukimwona fundi akiifanya kazi hiyo uwanjani penye upepo, chukua keni yako uende kwingine.

Watoto hupenda kutazama cheche. Mwanga huo huchoma macho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, kana kwamba mchanga umeingia. Wangojee mbali, wakiupa mgongo.