Kabla Hujabonyeza "Nakubali"

Mama mwenye genge la mboga amekatikiwa mtaji, na ada ya mtoto inadaiwa. Anapakua programu ya mikopo kwenye simu. Masharti ni marefu, watoto wanalia njaa. Anabonyeza "Nakubali" na fedha zinaingia. Siku ya kulipa inapita. Mara mama mkwe anapigiwa simu na mtu asiyemjua: "Mwambie mkweo alipe deni!" Kesho yake ni zamu ya mwalimu, kisha mwenyekiti wa kikoba.

Wapendwa akina mama, namba hizo walizipata wapi? Mara nyingi tumewapa sisi wenyewe. Ndani ya masharti yale mlikuwa na ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu.

Dawa ya deni ni kulipa, wala hatutetei anayekwepa. Lakini mama mkwe hakukopa. Namba yake tulikabidhiwa kama amana, nasi tukaigawa bila kumwuliza.

Sheria zipo.  Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa mtandaoni kutumia orodha ya majina ya mkopaji kuwatumia watu ujumbe wa deni. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tuulize kila ruhusa ina kazi gani. Tochi ya simu haina haja ya kujua majina ya ndugu zetu. Ikidai, tukatae.

Pili, tufungue mipangilio ya simu na kuondoa ruhusa tulizotoa zamani. Kufuta programu peke yake hakurudishi kilichokwisha kuchukuliwa.

Tatu, aliyekwisha kudhalilishwa asifute ujumbe ule. Ni ushahidi wa kupeleka kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mwisho, tusikope kwa siri. Mama aliyekwisha kumweleza mumewe hatishwi na simu ya mgeni. Usiku wa leo, watoto wakishalala, ketini wawili na simu zenu mzikague pamoja.