Dispensari ya Zamani ya Unguja: roshani za nakshi zilizoponea chupuchupu

Msafiri wa baharini anayekaribia bandari ya Unguja huliona mapema: jengo refu la ghorofa kando ya barabara ya Mizingani, lenye roshani za mbao zilizochongwa mithili ya kitambaa cha kutarizi, na vioo vya rangi. Hiyo ndiyo Dispensari ya Zamani.

Aliyeanza kulijenga ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyepata kusimamia forodha ya Zanzibar. Alikusudia liwe hospitali ya maskini, kwa kumbukumbu ya Jubilei ya Malkia Victoria ya mwaka 1887. Mauti yalimfika mwaka 1891, kazi haijakwisha. Ilikamilika mwaka 1894. Baadaye jengo likaingia katika mali ya Haji Nasser Nur Mohamed, na ndipo dawa zikatolewa chini, watu wakiishi juu.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mbao ndizo zilizolipa sura. Nyumba kongwe za Waarabu mjini humo zina kuta tupu kwa nje, nakshi ikiachiwa mlango peke yake. Mafundi wa Topan walifuata desturi ya Gujarat, wakaitoa nakshi yote barabarani. Warusi nao, katika miji kama Tomsk, huchonga vizingiti vya madirisha kwa ustadi kama huo, ila kwao hata kuta ni magogo. Roshani za Unguja zina kazi ya ziada: huleta kivuli na kuruhusu upepo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo liliachwa. Mvua ilipenya paani, chumvi ikala mawe, na mbao zikawa riziki ya mchwa, mdudu ambaye sisi wa Arua na Koboko twamjua kwa hasara yake na pia kwa utamu wa kumbikumbi. Katika miaka ya 1990, shirika la utamaduni la Aga Khan lililikarabati.

Ukarabati wa namna hiyo hudai chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe, na ncha za boriti zilizomo humo huoza bila kuonekana. Jirani yake, Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki.