Kizuri Nacho Hutembezwa

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kazi ya sinema methali hii haisimami sawasawa. Wapenzi wa sinema za Kihindi wa Mombasa na Unguja wanamkumbuka Amitabh Bachchan katika "Zanjeer" ya mwaka 1973, inspekta wa polisi asiyejua kucheka. Wachache wajuao kwamba hadithi ile, kabla ya kupigwa picha, ilitembezwa mlango kwa mlango kama samaki wa jioni.

Watungaji wake walikuwa wawili, Salim Khan na Javed Akhtar. Mwongozaji Prakash Mehra aliupeleka mswada kwa wachezaji wenye majina. Dharmendra akajitoa. Dev Anand akakataa. Raaj Kumar naye akapita. Na si ajabu. Shujaa wa siku zile alikuwa mtu wa mapenzi na nyimbo, na huyu haimbi hata wimbo mmoja. Alilonalo ni dukuduku la tangu utotoni, alipoona wazazi wake wakiuawa, asiweze kukumbuka ila mkufu wenye farasi mkononi mwa muuaji.

Watungaji walikuwa wamekwisha kumwona mtu wao. Bachchan alianza mwaka 1969, na sinema zake nyingi zilikuwa zimeanguka. Lakini wao walimtazama akipigana katika "Bombay to Goa" ya mwaka 1972, wakamwambia Mehra: ni huyu. Yaliyofuata yajulikana.

Walijuaje? Kwa njia ile ile ajuayo mshairi. Shairi jema halingoji sauti ya mwimbaji wala udi. Lisome kimya, na mizani yenyewe itakuchukua. Javed ni mwana wa mshairi, Jan Nisar Akhtar, na wawili hao waliandika kwa Kiurdu, ambacho herufi zake ni ndugu wa zile walizoandikia tenzi babu zetu.

Basi mswada mwema una dalili zake, msomaji. Ondoa nyimbo zote, hadithi ibaki imesimama. Funika majina ya wasemaji, umjue kila mtu kwa kauli yake. Uliza shujaa anataka nini, ujibiwe kwa neno moja. Hayo yote yamo katika karatasi, kabla ya taa kuwashwa na kabla ya mchezaji kulipwa. Wenye majina waliutazama mswada wakatafuta nyimbo zao. Hawakuziona, wakauweka chini.

Na hata "Zanjeer" ilipotoka, mabango ya Bombay hayakuwa na majina ya watungaji. Wenyewe wakamtafuta mpaka rangi, akazunguka mjini akiyaandika juu ya mabango.

Kwa hiyo, wewe uletewaye mchezo na kijana asiyejulikana, usiulize kwanza ni nani atakayeucheza. Keti, usome mpaka mwisho. Ukikutoa jasho, mtafutie mchezaji, na jina la mtungaji uliandike mwenyewe, asije akalazimika kulitafutia mpaka rangi.