Ekzosi ya Pikipiki ya Safari: Akili Kwanza, Nguvu Baadaye

Pikipiki ya safari ndefu ni mali ya nyumba nzima. Fedha iliyoinunua ilitoka katika mfuko uleule unaolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Basi ekzosi inapotobolewa na kutu, yafaa kuibadilisha bila kuitia nyumba hasara iliyo kubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa BMW R80 G/S, iliyoanza kuuzwa mwaka 1980. Pikipiki ya jamii hiyo ndiyo aliyoiendesha Mfaransa Hubert Auriol aliposhinda mashindano ya Paris–Dakar mwaka 1981. Injini yake ina silinda mbili zilizolala, moja kila upande. Kila bomba hushikwa na nati kubwa yenye mapezi, inayojifunga katika meno ya kichwa cha silinda, ambacho ni cha aluminiamu. Hapo ndipo penye mtego. Joto la miaka mingi huigandisha nati, ikawa kitu kimoja na kichwa. Atakayeilazimisha kwa spana ndefu huyang'oa meno, na kazi ndogo ikazaa gharama ya kichwa kizima.

Fundi mwenye busara huilowesha nati kwa mafuta ya kulegezea kutu usiku kucha. Ikikataa, huikata kwa msumeno wa chuma kufuata urefu wake, akakoma kabla ya kufikia meno, kisha huipasua kwa tindo. Afadhali kupoteza nati kuliko kupoteza kichwa. Baadaye huyasafisha meno, huweka pete mpya za kuzibia na kupaka grisi maalumu inayostahimili joto. Hufunga kila kiungo kwa kulegea kwanza, ndipo akaze kuanzia kichwani kuelekea nyuma, ili bomba lisivutwe upande. Kila mwaka nati hizo zifunguliwe na kupakwa grisi upya.

Ukiweza, nunua ekzosi ya chuma kisichoshika kutu. Bei yake ni kubwa, lakini hudumu. Jihadhari na sailensa iliyo wazi. Kelele si nguvu. Moshi ukipita kwa wepesi mno, kabureta huhitaji kurekebishwa, la sivyo injini huchemka. Tena, kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku hudhuru masikio. Na jirani aliyetoka zamu ya usiku naye anahitaji usingizi.

Mwisho, iwashe injini nje, ingali baridi, upake maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likichemka, pana upenyo. Usiiwashe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa: moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.