Simu hutafuta neno, wewe tafuta ujumbe



Jumapili ya leo, katika makanisa ya Musoma, Bunda na Butiama, waumini wengi watafungua Biblia bila kufunua karatasi. Biblia imo kwenye simu. Mhubiri akitaja rehema, muumini anaandika neno hilo sehemu ya kutafutia, na kufumba na kufumbua mistari imejipanga mbele yake.

Hiyo ni baraka, na kiu yake si ngeni. Katika karne ya 13, watawa wa Kidominiko mjini Paris, wakiongozwa na Hugo wa Saint-Cher, waliorodhesha maneno ya Biblia ya Kilatini na mahali yanapopatikana. Mwaka 1551 Robert Estienne alichapa Agano Jipya lenye namba za mistari tunazozitumia hadi leo. Mwaka 1890 James Strong wa Marekani akatoa itifaki yake kubwa ya Biblia ya Kiingereza. Kazi iliyowachukua watu miaka mingi ya jasho, leo mama anayeuza dagaa mwaloni anaipata kwa kubonyeza mara moja.

Hapa Mara kutafuta neno ni kazi ya kila siku kwa baadhi ya ndugu zetu. Musoma kuna watafsiri wanaoandaa Maandiko katika lugha za mkoa huu, zikiwemo Kizanaki, Kiikizu, Kijita na Kikwaya. Mtafsiri lazima ajue neno kama “neema” amelitafsirije katika kila kitabu, la sivyo msomaji atadhani ni mambo mawili tofauti.

Hata hivyo, simu inatafuta herufi, haijui maana. Andika “penda”, utaletewa “anapenda”, lakini utakosa “pendeni” na “upendo”. Fupisha uandike “pend”, utavipata vyote, na “upendeleo” nao utakuja, ambao ni jambo jingine kabisa. Andika “samehe”, na “msamaha” hautatokea. Tafsiri nazo hutofautiana. Penye “Injili” katika Union Version ya mwaka 1952, Biblia Habari Njema mara nyingi imeandika “Habari Njema”.

Zaidi ya hayo, kuna mafundisho makuu ambayo hayakubeba jina lake. Soma mfano wa mwana mpotevu, Luka 15:11-32. Neno “samehe” halimo. Yupo baba anayemwona mwanawe angali mbali, anayekimbia, anayekumbatia, anayeagiza vazi na pete. Huo ndio msamaha wenyewe, lakini simu itaupita. Fikiria pia kitabu cha Esta. Katika maandishi yake ya Kiebrania jina la Mungu halitajwi hata mara moja, na bado ni nani asiyeuona mkono wake kuanzia mwanzo hadi mwisho?

Ndugu msomaji, hapa ndipo hatari ilipo. Mkoa wetu umetajwa mara nyingi kwa ukatili majumbani. Mume aliyempiga mkewe anapoitwa kwenye usuluhishi, si ajabu akaja na simu mkononi. Ametafuta “watiini”, amepata Waefeso 5:22, na anataka kikao kiishie hapo. Lakini mstari wa 21, unaowataka waamini wote wanyenyekeane, hakuuona, kwa sababu katika Union Version umetumia neno jingine. Mstari wa 25 unamdai mume apende kwa kiasi cha Kristo aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa. Huo nao hakuufikia. Mzee wa kanisa anayekubali mstari huo mmoja na kumrudisha mama nyumbani amehukumu kwa nusu ya ushahidi, na mama huyo anaweza kulipia kwa mwili wake.

Tukumbuke kwamba ibilisi naye alikuja kwa Bwana wetu akiwa na mstari sahihi. Katika Mathayo 4 alitumia Zaburi ya 91, mstari wa 11 na 12, akaishia hapo. Mstari wa 13 unaozungumzia kumkanyaga nyoka hakuugusa. Yesu hakubishana kama maneno hayo yameandikwa au la. Alimjibu kwa Maandiko mengine, Kumbukumbu la Torati 6:16, kwa sababu aliyajua yote kwa pamoja.

Tunaye pia mfano wa nyumbani. Mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943, alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Fikiria kazi hiyo: kupanga vina na mizani kwa kila tukio, sura baada ya sura, yanayopendeza na yanayochoma. Mtu wa namna hiyo hawezi kuchagua mstari unaomfaa na kuruka unaomkemea. Lazima apite njia nzima.

Basi tufanye nini? Tusiitupe simu. Ukipata mstari, soma sura nzima kabla ya kuutuma kwenye kundi la WhatsApp au kuutamka barazani. Tafuta pia maneno ndugu: ukitafuta “samehe”, tafuta “msamaha”, “huruma” na “patanisha”. Kisha jiulize: mstari huu unanidai mimi nini, kabla sijamdai mwenzangu?

Towashi wa Kushi, katika Matendo 8, alikuwa na kitabu cha Isaya mkononi na mahali pa kusoma amepapata. Bado alimhitaji Filipo apande garini, aketi naye na kumweleza. Waberoya, katika Matendo 17:11, walichunguza Maandiko kila siku. Nasi tunaye mchungaji, padri, katekista, jumuiya na kikundi cha maombi. Wiki hii, mstari ulioupata peke yako upeleke huko, mkausome pamoja na yanayoutangulia na yanayoufuata.

Jumapili njema, na Mungu awabariki.