Kila Maji Yana Tabia Yake

Paukwa! Pakawa.

Hapo kale, karibu na ulipo leo mji wa Kendu Bay, palikuwa na kijiji kilichopenda ngoma. Jioni moja akafika kikongwe, amelowa chepechepe, njaa inamuuma. Akaomba mahali pa kulala. Wachezaji wakamfukuza. Mama mmoja tu alimwonea huruma, akamlisha na kumpa pa kujilaza. Kikongwe akamwambia, "Ondoka hapa na watu wako, usiku huu huu." Mama akaondoka. Nyuma yake maji yakabubujika, kijiji kizima kikazama. Ndivyo wazee wa Karachuonyo wanavyosimulia chanzo cha ziwa Simbi Nyaima.

Ziwa hilo lipo hadi leo. Ni la mviringo, maji yake ni ya magadi, halina mto unaoingia wala unaotoka, na flamingo hulitembelea. Wataalamu wa miamba wanasema shimo lake lilichimbwa na mlipuko wa volkano. Lakini katika hadithi yetu shikeni jambo moja: yule mama aliokoka kwa sababu aliambiwa mapema, akasadiki, akaondoka.

Onyo kama hilo tunaweza kujiandalia wenyewe. Njia yake ni kuandika wasifu wa kila hatari inayotuzunguka. Mchungaji hufanya hivyo kichwani: anajua fahali yupi hupiga pembe, wakati gani, na ishara anazotoa kwanza. Nasi tuulize: Hatari hii hutokea wapi? Msimu gani? Mara ngapi? Huja kwa kasi gani, na hukaa muda gani? Hutanguliwa na dalili ipi? Inamdhuru nani kwanza?

Tuanze na mafuriko, maana hapa kwetu yako ya aina mbili.

Ya kwanza ni ya mito. Sondu-Miriu huanzia msitu wa Mau, na Awach Kibuon hushuka kutoka nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Kwa hiyo mvua inaweza kunyesha huko juu huku Kendu Bay jua likiwaka. Ukisimama ukingoni utaona maji yakigeuka rangi ya udongo, kisha majani na vijiti vikija kwa wingi. Hiyo ndiyo dalili. Saa chache tu baadaye mto unaweza kufurika, uvunje kingo, ufunike mashamba. Msimu wake mkuu ni Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Dawa yake ni simu kutoka kwa watu wa juu mtoni, njia inayojulikana ya kupanda mwinukoni, na kutothubutu kuvuka maji yanayokwenda kasi.

Ya pili ni ya ziwa lenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Viktoria ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Naili kule Jinja. Mvua za mwisho wa 2019 zilikuwa kubwa mno, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limepanda hadi kimo ambacho wazee walikiona mara ya mwisho 1964. Maji haya huja polepole, wiki hadi wiki, lakini hayana haraka ya kuondoka. Huingia nyumbani, hujaza vyoo vya shimo na kuchafua visima, na viboko huyafuata hadi mashambani. Hapa kukimbilia mlimani usiku mmoja hakutoshi. Inabidi kuhamisha makazi, kujenga choo mbali na ufuo, na kutibu maji ya kunywa.

Mnaona? Yote mawili tunayaita mafuriko, ila anayeyachanganya atajiandaa kwa lisilokuja.

Dhoruba ya ziwani nayo ina wasifu wake. Usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, hukutana huko na kuinua mawingu ya radi. Saa hizo ndizo wavuvi wa omena wako kazini na taa zao. Basi utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa uwafikie kabla ya jua kutua, na kila mmoja awe na jaketi la kuokolea maisha.

Sasa kazi yenu. Chukueni daftari. Waulizeni nyanya na babu: maji yalifika wapi 1964? Na 1997? Na 2020? Kwenye mwembe upi, mlango upi? Andikeni. Choreni ramani ya kijiji, mtie alama nyumba ya ajuza asiyeweza kutembea na ya mtoto wa kiti cha magurudumu, maana hao ndio wa kufuatwa kwanza. Mpeni mwalimu, naye aipeleke kwenye baraza la chifu. Siku wakubwa watakapotafuta kiwanja cha kujenga darasa jipya, mtu atauliza maji yaliwahi kufika wapi, na jibu litakuwa kwenye daftari lenu.