MIMEA SUGU KANDO YA MAKAZI YAKO: ISIYOOGOPA JUA NA INAYOWEZA KUHAMA NAWE



Wengi wenu mlioko hapa Rusizi, wilaya ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, mlikuwa wakulima kabla ya kukimbia. Mnajua jembe kuliko sisi tunaoandika karatasi hii. Lakini kila mara tunapozungumza juu ya bustani ndogo za nyumbani, swali ni lile lile: "Nipande kwa nini, na mimi sijui kama mwezi ujao nitakuwa hapa?"

Swali hilo ni la haki. Mtu aliyekwisha kuacha shamba lenye mihogo iliyokomaa hana hamu ya kuacha shamba la pili. Kwa sababu hiyo hatutazungumza leo juu ya mazao ya miezi mingi. Tutazungumza juu ya mimea inayovumilia jua na uhaba wa maji, inayokaa katika gunia au kopo, na ambayo siku ya kuondoka unaweza kuikata kipande, kukitia mfukoni na kwenda nacho.

Kwanza, angalia uko wapi

Rusizi si mahali pamoja. Tambarare ya Bugarama, kule kwenye mashamba ya mpunga, ndiyo sehemu ya chini kabisa ya Rwanda: iko karibu mita 950 kutoka usawa wa bahari, na joto lake mnalifahamu ninyi mliotoka Uvira au Kamanyola, kwa kuwa ni bonde lile lile. Ziwa Kivu liko juu zaidi, karibu mita 1,460. Ukipanda tena hadi milima ya Nkungu na Nyarushishi, yenye mashamba ya chai, usiku unatafuta blanketi.

Kwa hiyo mmea unaofurahi Bugarama huenda ukanuna mlimani. Mlonge, kwa mfano, unapenda joto. Kule juu hukua polepole mno. Jambo jingine ambalo watu husahau ni kwamba Rusizi si jangwa. Mvua ni nyingi kuanzia Septemba hadi Desemba (umuhindo) na tena Machi hadi Mei (itumba). Taabu ya maji huja Juni hadi Agosti, wakati wa impeshyi, na kidogo Januari na Februari. Mmea wako unatakiwa kuvumilia yote mawili, kiu ya Julai na mafuriko ya Aprili.

Namna mimea ya majani manene inavyoishi

Mshubiri, ambao majirani Wanyarwanda huuita igikakarubamba, na jamaa zake wote wenye majani manene, huweka maji ndani ya majani kama wewe unavyoweka maji katika bidoni. Majani ya mimea yote yana matundu madogo ya kupumulia, na maji hupotea kupitia hapo. Mahindi hufungua matundu hayo mchana, ndiyo maana saa saba unayaona yamejikunja. Mshubiri hufunga mchana na kufungua usiku, hewa ikiwa baridi. Hivyo hupoteza maji kidogo sana.

Basi elewa jambo hili moja: mmea wa namna hii haufi haraka kwa kiu, hufa haraka kwa maji mengi. Mwandishi wa makala hii aliwahi kuua mishubiri minne kwa huruma, kwa kuimwagilia kila jioni kama mchicha. Kwa nje ilikuwa kijani kibichi, na shina chini limekwisha kuoza. Ukiubonyeza mmea karibu na udongo ukaona ni laini na unatoa harufu, umechelewa; kata sehemu iliyo nzima juu, utupe iliyobaki.

Ili kuupanda, usitafute mbegu. Tafuta mmea wa jirani wenye "watoto" pembeni, uombe mmoja. Ung'oe pamoja na mizizi yake michache, kisha uuache kivulini siku tatu hadi tano bila udongo wala maji. Wengi huona jambo hili la ajabu. Sababu yake ni kwamba kidonda cha mmea lazima kikauke kwanza. Ukiupanda na kidonda kibichi katika udongo wa majimaji, uozo huingia hapo. Baada ya siku hizo, panda katika udongo uliochanganywa na mchanga au kokoto ndogo, nusu kwa nusu. Ngoja wiki moja ndipo umwagilie. Kisha kikombe kimoja kila wiki mbili wakati wa kiangazi kinatosha.

Wakati wa mvua kubwa weka kopo chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo matone hayaanguki moja kwa moja. Kama umepanda ardhini, inua tuta la kiganja kimoja. Kopo lazima litobolewe chini, matundu manne au matano ya msumari. Kopo lisilo na tundu huozesha mizizi, na pia hufuga viluwiluwi vya mbu.

Ute mweupe wa ndani ya jani hupoza ngozi iliyoungua kidogo, kwa mfano umeguswa na sufuria. Lakini maji ya njano yanayotoka chini ya ganda ni dawa kali ya kuharisha: mwanamke mjamzito asiyanywe, na mtoto asinyweshwe kabisa. Moto ukiwa umechubua ngozi au kumwunguza mtoto, usipake kitu chochote. Mwagia maji safi ya baridi, kisha nenda kituo cha afya.

Onyo juu ya mnyaa

Mnyaa (umuyenzi) mtauona kila mahali katika vijiji vya Rwanda kama ua wa nyumba. Ni kweli unashika haraka, mbuzi hawauli, na fimbo moja ikichomekwa udongoni huota bila kubembelezwa. Ndiyo maana watu wanapofika huukata na kuzungushia makazi yao.

Tunawasihi msifanye hivyo karibu na makazi yenye watoto. Maziwa yake meupe yakiingia machoni huunguza vibaya, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa au kupata madhara ya kudumu. Watoto huvunja vijiti vyake kwa mchezo, kisha hujifuta uso kwa mikono ile ile. Katika makazi yaliyobanana hakuna ua ambao mtoto hataufikia.

Ikitokea ajali, osha jicho mara moja kwa maji safi yanayotiririka, si chini ya dakika 15, ukilishika wazi kwa vidole. Hapa usihurumie maji. Usitie maziwa ya mama, mkojo wala dawa ya majani. Halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Anayelazimika kukata mnyaa afunike macho, asimame upande unakotoka upepo, na aoshe panga kwa sabuni.

Kama unataka ua, umuhati ni bora: nao huota kwa fimbo, na hauna maziwa hayo. Ila kabla ya kupanda ua wowote mwulize kiongozi wa kartye yako. Nafasi kati ya makazi imeachwa kwa ajili ya moto, na ikizibwa watu hawana pa kupita.

Mboga zinazovumilia

Mshubiri haushibishi mtu. Kwa sufuria, matembele ndiyo tunayoyapendekeza mbele ya yote. Kipande cha mti wa viazi vitamu chenye urefu wa sentimita 30, theluthi mbili zikiwa ndani ya udongo, huanza kutoa majani ya kuchuma kabla ya miezi miwili kwisha, na kadiri unavyochuma ndivyo kinavyotambaa. Nderema nayo ina majani manene yenye maji. Hutambaa juu ya kamba na kukupa kivuli mlangoni, jambo ambalo mtu anayelala chini ya shitingi huko Bugarama atalishukuru. Lenga-lenga huchumwa baada ya wiki nne hivi, lakini yenyewe inataka maji. Ngai-ngai huvumilia zaidi.

Kuna pia jani moja ambalo hujiotea lenyewe katika sehemu zenye joto, hutambaa chini, lina shina jekundu na majani madogo manono kama vidole vya mtoto. Linalika, na ladha yake ni ya uchachu. Ila lina wa kufanana nalo asiyelika. Vunja shina: likitoa maziwa meupe, tupa, unawe mikono. Likitoa maji matupu, ndilo.

Gunia tupu la kilo 50 linatosha familia kwa matembele na nderema. Weka nguzo ya mawe madogo katikati, kuanzia chini hadi juu, maji yapate njia ya kushuka. Jaza pembeni udongo sehemu mbili na samadi au taka za jikoni zilizooza sehemu moja. Toboa ubavuni matundu ya upana wa vidole viwili na uchomeke vipande humo. Gunia la plastiki huchakaa kwa jua baada ya msimu mmoja au miwili, kwa hiyo liweke mahali ambapo halitasukumwa.

Maji yapatikane wapi?

Katika dharura, kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na UNHCR hulenga lita 20. Humo kuna kunywa, kupika, kuoga na kufua. Hatuwezi kumwambia mama mwenye watoto watano amwagilie bustani kwa maji hayo. Tumia maji yaliyokwisha kuosha vyombo na mboga. Sabuni kidogo haidhuru udongo, ila mwaga kwenye nguzo ya mawe, si juu ya majani. Maji yenye dawa ya kuua vijidudu, au yaliyofulia nepi, yasiguse bustani. Mwagilia jioni au alfajiri.

Siku ya kuhama

Kambi kubwa kuliko zote nchini, Mahama, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, iko Kirehe, upande wa pili kabisa wa nchi, na huko jua ni kali na mvua ni haba kuliko hapa. Ukisikia jina lako limesomwa kwa safari, acha kumwagilia mshubiri. Ng'oa watoto wake, kung'uta udongo wote, wafunge katika kitambaa kikavu au gazeti. Wataishi hivyo wiki mbili na zaidi. Usitafute mfuko wa plastiki: Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na tena ndani yake mmea huoza.

Matembele ni kinyume chake. Kata vipande asubuhi ya safari, ondoa majani isipokuwa mawili ya juu, zungushia kitambaa chenye unyevu. Vitafika. Mbegu za lenga-lenga na ngai-ngai zikaushe vizuri, uzifunge katika karatasi pamoja na majivu kidogo.

Usibebe machipukizi ya migomba wala vijiti vya mihogo, hata kama roho inakuuma. Mnyauko wa migomba (kirabiranya), ulioonekana Uganda mwaka 2001 na baadaye ukaenea Kongo na Rwanda, husafiri ndani ya chipukizi linaloonekana zima, na mihogo hubeba kabore na batobato kwa njia hiyo hiyo. Mwenyeji atakayekupokea huko huenda shamba lake ndilo tegemeo lake lote.

Ukifika, panda matembele jioni ile ile, uyape maji. Mshubiri unaweza kungoja hadi upangiwe makazi.